Mwembamba Asiyefunga
Ndugu zangu, pwani yetu ya Palma na Mocímboa da Praia wengi tunaamini kisukari ni ugonjwa wa wanene. Ni kweli, unene huongeza hatari ya kisukari aina ya pili. Lakini aina ya kwanza humkondesha mtu, na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo. Kwa mkoa ulio vitani tangu 2017, hilo latuhusu.

Basi tukimwona kijana mwembamba akila mchana wa Ramadhani, tuna haki gani kumhukumu? Mgonjwa ana ruhusa, na Suratul Hujurat inakataza dhana na kusengenyana. Mwili wake ni amana yake. Sisi tutaulizwa kama tulimsaidia kupata dawa au tulimsengenya.