Haki ya Jirani Pembezoni mwa Shamba

Apitaye katika barabara itokayo Nyakanazi kwenda Lusahunga na kuendelea hadi Rusumo katika mwezi wa Agosti, wakati jua limekwisha kuikausha nchi na mvua za vuli zingali mbali, huyaona mashamba mengi yaliyo safi katikati na machafu pembezoni: mabua ya mahindi yamelazwa, ardhi iko tayari kwa msimu, lakini kandokando yake, upana wa hatua nne au tano, limesimama pori la matete, miiba na machipukizi ya visiki, ambalo mwenye shamba huyu hasemi kuwa ni lake, wala jirani yake hasemi kuwa ni lake. Jambo hili limekaa moyoni mwangu kwa muda mrefu, na kila nilitafakaripo naona kwamba si la uvivu peke yake, bali ni la insafu baina ya watu wawili waliopakana.

Katika nchi ya Biharamulo na Ngara pori halijawahi kuwa kitu cha kupuuzwa. Wazinza, Wasubi na Wahangaza waliijua adabu yake kabla ya kuja serikali yoyote ya kigeni, kwa kuwa palipokuwa na watu na ng'ombe wengi vichaka vilirudi nyuma, na palipopungua watu vilisonga mbele. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafagia mifugo, njaa na ndui zikafuata, mikono ya kufyeka ikawa haba, na ndani ya kivuli cha pori lililokua bila mwenyewe mbung'o akapata maskani. Mdudu huyu hana nguvu juani. Jike lake huzaa buu mmoja tu kwa wakati mmoja, akamwacha juu ya udongo tifutifu penye kivuli, naye buu akajizika humo mpaka siku ya kuruka. Basi anayeondoa kivuli amemwondolea mbung'o uzazi wake. Helge Kjekshus aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1977, akidai kwamba mtu wa Afrika Mashariki alikuwa mtawala wa mazingira yake mpaka maafa yale yalipomvua utawala huo. Wako wasomi waliomwona ametia chumvi katika kuisifu hali ya zamani. Lakini juu ya pori kurudi mahali palipopungua watu, mimi sijaona hoja ya kumshinda.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ya Tanganyika ilipambana na malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o, kwa njia ya kuwahamisha watu kutoka maskani zilizotawanyika na kuwakusanya pamoja, na Biharamulo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoonja amri hiyo. Iliwaokoa wengi, wala sikatai. Ila migomba, mashamba na makaburi ya wazee yaliachwa nyuma, na nchi iliyoachwa ikamezwa na miti. Huko Shinyanga, Charles Swynnerton, aliyeiongoza idara ya utafiti wa mbung'o mpaka alipofariki mwaka 1938, alikuwa amekwisha kuona nguvu ya watu wa vijiji wakitoka kwa maelfu na mashoka yao kukata vichaka kwa shirika. Kazi ile ilifaa kwa sababu kila mmoja alifyeka na pale ambapo hapakuwa pake.

Lakini Ngara imeuona upande wa pili wa jambo hili pia. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban siku moja, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo wakiyakimbia mauaji ya Rwanda, na huko Benaco ukazuka mji wa hema uliohitaji kuni za kupikia kila asubuhi na kila jioni. Watu wale walikuwa na haki ya kuishi, na wenyeji waliwapokea; hata hivyo vilima vilibaki uchi, na maji ya mvua yakaanza kuuchukua udongo. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kilichoota kifyekwe. Nchi hii imeadhibiwa kwa pori lililoachwa, na imeadhibiwa kwa miti iliyomalizwa.

Sasa limekuja trekta, aghalabu la kukodi, nalo limeleta jambo ambalo wengi hawalitazami. Trekta hulipwa kwa eka iliyolimwa, na mwishoni mwa kila mstari huhitaji nafasi ya kugeuka pamoja na jembe lake la sahani. Dereva, ambaye wateja wengine wanamngoja, huiacha nafasi hiyo na pembe za shamba jinsi zilivyo, kwa kuwa hazimwongezei chochote. Hivyo chombo kile kile kilichokuja kulishinda pori hulitengenezea pori makao mapya pembezoni, na msimu baada ya msimu makao hayo hupanuka. Humo hukaa panya wanaofukua mbegu ya mahindi usiku wa siku iliyopandwa, humo hujificha nyoka, na kutoka humo moto wa kiangazi hupata njia ya kurukia shamba la mtu mwingine, ambaye pengine amefyeka kwake kwa jasho la wiki nzima.

Karibu na Nyakahura nilimtazama dereva mmoja aliyeijua kazi yake. Alikuwa amefungia nyuma ya trekta mashine ya kufyekea, ambayo visu vyake huzunguka chini ya bamba la chuma. Lakini kabla ya kuiteremsha alitembea ukingo wote kwa miguu, panga mkononi, akitafuta mawe na visiki, na juu ya kila kisiki alifunga kipande cha kitambaa chekundu. Halafu akamwendea mwenye shamba la pili, bibi mtu mzima aliyekuwa akianua mihogo yake.

"Shikamoo bibi. Njoo utuoneshe minyaa yako inaanzia wapi, tusije tukaigusa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Anzia pale kwenye mvumu; ule aliupanda baba mkwe."

Walipokubaliana ndipo visu viliposhushwa, wala havikushushwa hadi ardhini. Vilikata kwa kimo cha shibiri moja hivi, matete yakaanguka yamekatikakatika, yakaufunika udongo, na mizizi ikabaki kuushikilia. Hili ni muhimu mno katika miteremko ya Ngara, ambako mtu anayekwangua ukingo kwa bamba la kusukumia udongo, akausifu kwa weupe wake, hugundua mwezi wa Aprili kwamba amelichimbia shamba lake korongo.

Wala si lazima ukingo uliofyekwa ukae bure. Katika kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, wameonesha tangu miaka ya 1990 kwamba mabingobingo yakipandwa kulizunguka shamba, nondo wa viwavi wanaotoboa mabua huyapenda kuliko mahindi, wakataga mayai yao huko, na wengi wa watoto wao hufa humo. Na mfugaji akayakata mabingobingo hayo kwa ng'ombe wake. Ukingo uliokuwa maficho ya adui umegeuka kuwa boma.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeliweka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao wasiopungua 3 ni wanawake, ili lisuluhishe ugomvi. Ni taasisi ya heri. Hata hivyo, pale ambapo mpaka umemezwa na kichaka, kila upande una kumbukumbu yake na kila kumbukumbu ina tamaa yake, na wazee wa baraza hulazimika kuwapatanisha watu juu ya mstari usioonekana. Wawili waliofyeka pamoja kila kiangazi hawana safari ya kwenda barazani.

Basi ndugu msomaji uliye Ngara au Biharamulo, utakapopatana na mwenye trekta bei ya kulimiwa eka zako kabla mvua hazijaanza, patana naye pia juu ya ukingo, umlipe kwa kazi hiyo kama unavyomlipa kwa nyingine. Mwite jirani yako asimame nawe mpakani kabla injini haijawashwa. Na ikiwa ni mjane au mgonjwa asiye na uwezo wa kuchangia, mfyekee upande wake pia, wala usimdai.