Shahidi Asiye na Mwenzake

Mali nyingi za binadamu huhesabika, hupimika na huonyeshwa majirani. Mwenye ng'ombe huonyesha zizi lake; mwenye kibanja huonyesha mikungu ya migomba yake. Lakini iko mali moja ambayo mwenyewe hana cha kuonyesha ila neno lake: nayo ni ile ya mtu aliyeona kitu kikapita. Watu wanaokusanyika kutazama ndege huishi kwa mali hiyo. Hawawindi wala hawategi. Hutoka alfajiri na darubini na daftari, hurudi mchana na majina. Ndege aliyeandikwa amekwisha kuruka, na hapana awezaye kumwita arudi kuthibitisha.

Desturi hii ina umri Afrika Mashariki. Chama cha wapenda elimu ya viumbe kiliundwa Nairobi mwaka 1909, na mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzia katika Jumba la Makumbusho. Wajuzi na wanagenzi walitembea pamoja; mmoja akinyosha kidole, wote walitazama. Katika mkutano wa namna hiyo kosa la jicho moja husahihishwa na macho ya wengi. Swali la maadili huanza pale mtu anapoachana na wenzake.

Chukua mfano wa Kishanda, katika mkoa wa Kagera. Huko, kama kwingineko katika nchi ya Wahaya, vijiji vya migomba hupakana na rweya, yaani uwanda wa majani uliowazi. Kuna mbayuwayu wa rangi ya buluu ambaye huzaliana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na nchi zilizo kusini zaidi, kisha baridi ya huko inapoingia husafiri mpaka nyika za kandokando ya Ziwa Viktoria, zikiwamo za Kagera. Idadi yake imepungua, kwa sababu nyika anazozitegemea hulimwa na kupandwa miti. Sasa kijana mmoja, amebaki nyuma ya kundi, anaona mbayuwayu akikata upepo juu ya rweya. Mgongo uling'aa, mkia ulikuwa mrefu, jua lilikuwa machoni. Wenzake wanamngoja barabarani. Aandike nini?

Yuko atakayesema kwamba swali hili ni dogo mno. Ndege hana mahakama, wala uongo juu ya mbayuwayu haumnyimi mtu chakula. Hoja hiyo ina sura ya akili lakini haina mizizi. Daftari za watazamaji hukusanywa, na kutokana nazo hujulikana mahali gani panastahili kulindwa. Msitu wa Minziro, mpakani mwa Uganda, umepata sifa yake kwa kuwa watu wameandika humo aina za ndege wa misitu ya Kongo wasioonekana pengine popote katika Tanzania. Jina moja la uongo likiingia katika orodha, majina yote ya kweli huanza kutiliwa shaka. Mwongo haibi jina moja tu. Huiba imani ambayo wengine waliiweka akiba kwa miaka mingi.

Historia inao ushahidi, tena ulio karibu. Richard Meinertzhagen alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza katika Kenya, na pia mjuzi mashuhuri wa ndege. Mwaka 1905 alimwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano uliosemwa kuwa wa mapatano. Alikufa mwaka 1967 akiwa na heshima kubwa kati ya wataalamu. Baadaye ikagunduliwa kwamba alikuwa ameiba ngozi za ndege katika jumba la makumbusho na kuziandikia mahali na tarehe za uongo. Miongoni mwake alikuwamo bundi mmoja adimu wa misitu ya Uhindi, aliyedai kumpata Gujarat mwaka 1914, hali ngozi ile ilikuwa imekusanywa na mtu mwingine katika miaka ya 1880. Bundi huyo alidhaniwa kuwa ametoweka. Wataalamu walipotupilia mbali neno la Meinertzhagen na kufuata ushahidi ulio safi, walimpata akiwa hai mwaka 1997, katika Maharashtra. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wanaomfuata hutembea mbali.

Kwa nini aliaminiwa muda mrefu hivyo? Kwa sababu ya cheo chake. Hapa pana funzo la pili, lililo zito kuliko la kwanza. Mchunga ng'ombe wa rweya asiye na darubini akisema kwamba ameona ndege mgeni, aghalabu husikilizwa kwa tabasamu. Kanali alisikilizwa kwa kofia mkononi. Haki haisemi kwamba kila mtu aaminiwe, wala kwamba kila mtu ashukiwe. Haki inataka ushahidi upimwe kwa mizani moja: Umbali ulikuwa gani? Mwanga ulitoka wapi? Mkia ulikuwaje? Mchunga ng'ombe aweza kuyajibu hayo vizuri kuliko kanali. Afrika Mashariki inayo kamati ya wajuzi inayochunguza habari za ndege adimu, na kazi yake ni njema maadamu inauliza maswali yale yale kwa wote. Mkweli hadhalilishwi kwa kuulizwa. Hudhalilishwa anapopuuzwa bila ya kuulizwa.

Lakini hata mkweli ana adui ndani ya kifua chake. Jicho ni mtumishi wa moyo, na moyo ukitamani mbayuwayu wa buluu, mbayuwayu yeyote hugeuka buluu. Mtu huyu hasemi uongo. Amedanganywa na shauku yake kabla ya kuwadanganya wengine. Kwa hiyo haitoshi kuepuka uongo. Wajibu wa shahidi asiye na mwenzake ni kutenga alichokiona na alichokidhani, na kuandika kila kimoja mahali pake.

Kijana wa Kishanda, basi, akiandika: "Mbayuwayu, mgongo uling'aa, mkia mrefu, jua machoni, jina halikuthibitika," hatapigiwa makofi barabarani. Huenda wenzake wakamcheka kwa kukosa ujasiri. Hata hivyo ameandika mstari ambao mtu mwingine aweza kuusimamia: atakayeusoma atajua ni rweya ipi ya kurudia, alfajiri, jua likiwa mgongoni.