Pembe Nne za Kitanda

Marko Mtakatifu, katika sura ya pili ya Injili yake, atusimulia habari za mtu aliyepooza, aliyeletwa mbele ya Bwana wetu Yezu Kristu huko Kafarnaumu. Watu wanne walimchukua kitandani. Walipouona mlango umejaa watu hawakurudi nyumbani wakijisifu kwamba wamejaribu. Walipanda juu ya nyumba, wakatoboa dari ya mwenyewe, wakamteremsha mgonjwa wao. Tena Mwinjili asema jambo la kustaajabisha: Bwana aliitazama imani ya wale wachukuzi. Mgonjwa mwenyewe hatusikii kwamba alitamka neno.

Twaikumbuka habari hiyo leo kwa ajili ya wagonjwa tusiowaona mara nyingi: vijana wenye saratani. Wengi hudhani saratani ni ugonjwa wa wazee. Sivyo. Zipo aina zishikazo damu, tezi na mifupa, ambazo huwapata hata watoto na vijana. Nayo saratani ya shingo ya kizazi huwapata pia akina mama walio bado na watoto wadogo.

Hebu tumfikirie kijana wa Kibeta, hapa Bukoba, mwenye umri wa miaka 22. Jana alicheza mpira, alisoma chuoni, alitafuta mchumba. Leo tezi imevimba shingoni. Yampasa kwenda Mwanza, katika hospitali ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ni ya Maaskofu wetu; au aende mbali zaidi, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Wala safari si moja. Dawa zitiwazo mshipani hutolewa kwa zamu: mgonjwa hurudi nyumbani, hupumzika majuma mawili au matatu, kisha huenda tena. Matibabu ya mionzi nayo huweza kuchukua majuma kadhaa mfululizo. Nywele zanyonyoka, chakula chamchukiza, masomo yakatika. Wenziwe wahitimu, waoa, wapata kazi. Yeye yu kitandani akihesabu matone ya dripu. Usiku hujiuliza: Je, nitapona? Je, nitapata watoto? Nani atanitaka? Maswali hayo hayaonekani katika picha za eksirei, lakini yauma.

Basi nasi tuulize: nani ameshika pembe za kitanda chake?

Pembe ya kwanza ni ya watu wa nyumbani. Wazazi wengi, kwa huruma, humficha kijana ugonjwa wake. Hunong'ona jikoni, naye akiingia hunyamaza. Lakini yeye ajua. Basi huwaficha wazazi machozi yake kama wao wamfichavyo yao, na kila mmoja hubaki peke yake na hofu yake. Kweli ikisemwa kwa upole, kwa kadiri mgonjwa mwenyewe anavyouliza, humpunguzia mzigo. Tena tukome kumtafuta mchawi. Kila juma lipoteapo kwa mpiga ramli ni juma ambalo uvimbe wapata nafasi ya kukua. Na saratani nyingi zikiwahiwa hutibika.

Pembe ya pili ni ya rafiki. Saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kulala chumba kimoja. Lakini rafiki huacha kuja, mara nyingi si kwa chuki, bali kwa kukosa la kusema. Rafiki za Yobu waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno; na hiyo ndiyo kazi njema kuliko zote walizomtendea. Walipofumbua vinywa, wakaanza kumtafutia dhambi, ndipo walipoharibu. Basi, enyi vijana, nendeni mkaketi. Mpelekeeni habari za mpira na za chuo. Mwacheni acheke, mwacheni akasirike. Hataki kuwa mgonjwa tu toka asubuhi hata jioni. Na wewe uliyemchumbia, kama moyo wako umeshindwa, mwambie kwa heshima, usitoweke tu.

Pembe ya tatu ni ya jumuiya, na hapa hatuna budi kusema wazi. Sisi ni hodari wa michango. Arusi ina kamati, kadi na daftari. Msiba ukitokea, hata kabla ya jua kuchwa mchele na fedha vimekwisha kupatikana. Lakini kijana ashindwa kurudi Mwanza kwa zamu ya tatu ya dawa kwa kukosa nauli, nasi twanyamaza. Akifa, twakodi basi zima la kwenda kumzika. Je, fedha za basi lile zisingalimfikisha hospitalini mara nyingi? Yafaa kila Jumuiya Ndogo Ndogo, pamoja na WAWATA na chama cha vijana, iwe na daftari la wagonjwa kama lilivyo la arusi: nani atamsindikiza safari hii, nani atapalilia kibanja chao, nani atampokea zamu mama auguzaye.

Watu wa Kagera hatuna udhuru. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambulikana hapa kwetu. Twajua jinsi aibu na masengenyo vilivyowatenga wagonjwa hata kabla ya mauti kuwafikia. Somo lile tulilinunua kwa bei kubwa mno, tusilisahau.

Pembe ya nne ni ya altare. Wapo wamwogopao padri ajapo na mafuta matakatifu, kana kwamba aleta sanda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wale tu wanaokata roho. Kijana aliye katika ugonjwa mzito apewe mapema, naye apate nguvu. Wala mtu asimwambie kwamba haponi kwa kuwa hana imani. Mwenye heri Chiara Badano wa Italia alifariki kwa saratani ya mifupa mwaka 1990, akiwa na miaka 18. Mwaka 2010 Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Imani yake haikuwa haba, na mwili wake haukupona.

Wapenzi wasomaji, tarehe 11 Februari kila mwaka Kanisa huwaombea wagonjwa ulimwenguni pote. Tusingoje siku hiyo. Dominika hii, Misa ikiisha, tuulizane katika jumuiya zetu: kwetu yuko kijana gani aliye kitandani, na pembe ipi haina mtu? Kisha tuinyanyue.

Maria, Afya ya wagonjwa, utuombee.