Nilikuta Hadithi Imeshaanza



Leo naanza na muvi. Ndiyo, hata mafrateri tunaangalia muvi, tena za bunduki. Hii inaitwa Triangle, ya Hong Kong, mwaka 2007, na wanaongea Kikantoni. Marafiki watatu waliobanwa na shida ya hela wanasikia kuna hazina imefukiwa chini ya jengo la Baraza la Kutunga Sheria. Wanaichimba, wanaipata, halafu wanaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Yesu alishatuonya kwamba moyo hufuata hazina (Mt 6:21).

Lakini kilichonigusa zaidi ni namna ilivyotengenezwa. Waongozaji ni watatu: Tsui Hark alianza, Ringo Lam akapokea katikati, Johnnie To akamalizia. Kila mmoja theluthi yake, hadithi ni moja. Ringo Lam hakuanza upya. Aliwapokea watu aliowakuta, na madeni yao na ugomvi wao, akasonga mbele. Tsui Hark naye ilibidi aachie.

Hapo nikajiona mwenyewe. Mwaka wangu wa kichungaji nilipelekwa kigango kimoja kushika kazi ya frateri aliyenitangulia. Nilikuta daftari lake kabatini, sikulisoma. Nilikuwa na digrii ya falsafa na mipango yangu: semina, midahalo, kwaya mpya. Ya mwenzangu niliyaona ya kizamani.

Mwezi wa nne, Jumapili baada ya ibada, kijana mmoja akaniuliza kwa upole, “Frateri, mbona wewe huji kwa bibi? Yule wa kwanza alikuwa anakuja kila Alhamisi.”

Usiku ule nikafungua daftari. Ukurasa wa kwanza kabisa: majina sita ya wagonjwa. La bibi lilikuwa la tatu.

Alhamisi nikaenda. Bibi alikuwa hawezi tena kuongea. Nilikaa, nikamshika mkono. Miezi minne alikuwa na maneno ya kuniambia, na mimi nilikuwa naandaa mdahalo.

Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba yeye na Apolo walifanya kazi katika shamba moja kwa kupokezana, na anayekuza ni Mungu (1 Kor 3:6). Mimi nilitaka shamba langu peke yangu. Kumbe hiyo nayo ni tamaa ya hazina, ila imevaa kanzu.

Kupokea si kunakili, jamani. Johnnie To alimalizia kwa mkono wake mwenyewe. Ila huwezi kumalizia vizuri kitu ulichokataa kukisikiliza.

Wiki hii jiulize: kazi ninayoifanya parokiani, kwenye jumuiya, nyumbani, nani aliianza? Mtafute, umuulize aliacha nini. Kama ametangulia mbele za haki, msalie.

Ee Bwana, utusaidie kupokea kwa unyenyekevu, na siku yetu ikifika, kuachia bila kinyongo. Amina.