Mshauri wa masomo: analipwa na chuo, anaaminiwa na mwanafunzi

Ziko kazi ambazo mtu akizitaja hakuna anayemuuliza zaidi. Daktari, dereva wa daladala, karani wa mahakama, wote hao wanaeleweka. Mimi nikisema kwamba kwa miaka kumi na saba nimekuwa mshauri wa masomo katika vyuo vikuu, swali linalofuata ni lile lile: unashauri nini? Wengine hudhani nagawa vyumba vya mabweni. La hasha. Huyo ni Mshauri wa Wanafunzi, ana ofisi yake, na foleni yake ni ndefu kuliko yangu.

Kwangu mwanafunzi huingia na karatasi ya matokeo. Tunatazama pamoja amefaulu nini na ameshindwa nini, masomo gani ni ya lazima na yapi ya hiari, semesta ijayo achukue mangapi ili atimize krediti, na wastani wake ukibaki hapo ulipo atatoka na daraja gani. Katika vyuo vyetu vingi wastani hupimwa kwa alama 5, mwenye 4.4 na kuendelea yuko daraja la kwanza, na aliye chini ya 2.0 hana shahada. Baina ya tarakimu hizo mbili ndimo vijana wanamolilia. Wana msamiati wao: kusapu, kukeri, na lile neno wanalolitamka kwa sauti ya chini, kudisko. Mzazi ambaye hajapata kulisikia ajue tu kwamba halihusiani na muziki.

Kazi hii ilianzia Marekani. Charles William Eliot, aliyekiongoza chuo cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, alipanua utaratibu wa kuwaachia wanafunzi wachague masomo badala ya wote kusoma yale yale. Uhuru ule ulizaa swali: kijana wa miaka kumi na minane atachaguaje kitu asichokijua? Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa 1876, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kuwapangia wanafunzi walimu wa kuwaongoza. Leo kwa Wamarekani ni taaluma kamili, ina jumuiya yake ya kitaifa iliyoundwa mwaka 1979, na mtu aweza kuishi nayo mpaka kustaafu. Kwetu mara nyingi hupachikwa mhadhiri juu ya mzigo wake wa kufundisha. Mhadhiri hupanda cheo kwa utafiti na makala alizochapisha, wala hakuna anayemhesabia nasaha alizotoa. Nimewaona watu wema wakisaini fomu arobaini kwa saa moja bila kuinua macho. Siwalaumu sana.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mshauri huyu ni wa nani? Mshahara wake unatoka chuoni. Anayemwamini ni mwanafunzi. Na aliyeuza kiwanja ili ada ilipwe ni mzazi, ambaye pengine hajawahi kukanyaga pale. Siku nyingi maslahi ya watatu hawa yanakwenda pamoja na swali halijitokezi. Hujitokeza siku ambayo nasaha ya kweli ni kumwambia mwanafunzi aondoke.

Katika chuo kimoja binafsi nilichokitumikia, ambacho sitakitaja, tuliambiwa kikaoni kwamba kila mwanafunzi anayehama ni ada inayohama, hivyo washauri tuwape vijana moyo. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba hatukuambiwa tuseme uongo. Hapo ndipo ugumu ulipo. "Jitahidi, utaweza" si uongo. Inakaribia kuwa dua. Lakini ukimwambia kijana aliyeshindwa somo lile lile mara tatu, nawe umekwisha kuona wengi wa hali yake walikoishia, na huku kuwapo kwake kunajaza bajeti ya mwajiri wako, maneno yale matamu yanafanya kazi ile ile ambayo uongo ungeifanya.

Fikiria dalali wa nyumba pale Kariakoo. Akikusifia chumba, unamsikiliza kwa sikio moja, kwa sababu unajua analipwa chumba kikipangishwa. Hakuna anayemwona dalali kuwa khaini kwa kusifia. Mizani iko wazi. Mshauri wa masomo hasikilizwi hivyo. Mwanafunzi anakuja na masikio yote mawili. Anaingia, "Shikamoo mwalimu," anakaa, na neno unalomwambia anakwenda nalo mpaka nyumbani kama lilivyo. Kwa hiyo dhamana ya mshauri, kwa maoni yangu, haitokani na mkataba wake wa ajira hata kidogo. Inatokana na kule kuaminiwa bila tahadhari. Chuo kinanunua muda wangu. Hakiwezi kununua imani ya mtu wa tatu ambayo si yangu kuiuza.

Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, hakubaliani nami. Husema: wewe nani hata umfungie mtu mlango? Mbona tumewaona waliorudia mwaka na leo ni wahandisi? Hoja hii ina uzito. Iko hatari ya mshauri anayependa kuamua, anayemtazama msichana na kumwambia uhandisi mgumu, nenda ualimu. Huyo naye anaikhini imani ile ile kutoka upande wa pili, na nadhani ni mbaya kuliko mpamba maneno, maana anaondoka akijiona mkweli.

Nilikuwa na kijana wa uhandisi wa mawasiliano. Hesabu zilimshinda mara mbili. Nilimwekea mezani kila kitu: wastani wake, krediti zilizobaki, semesta ngapi zaidi na ada yake kiasi gani, uwezekano wa kuhamisha krediti kwenda programu nyingine au hata chuo kingine, ambako masomo mengine aliyofaulu yangeweza kutambuliwa. Akanyamaza, kisha akauliza swali ninaloliogopa kuliko yote: "Mwalimu, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nikamjibu kwamba ningehama. Nikaongeza kwamba mimi sitaamka alfajiri kusoma hesabu zile, wala si mimi nitakayekaa na baba yake sebuleni. Alibaki. Alihitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake, wastani 2.3. Mwenzangu hunikumbusha kisa hiki kama ushahidi dhidi yangu. Mimi sikioni hivyo. Alibaki akijua bei.

Baba yake, muuza vitambaa, alikuja siku moja peke yake. "Mwalimu, mimi ndiye ninayelipa, nionyeshe matokeo." Sheria za vyuo huliona faili kuwa la mwanafunzi, lakini nani kati yetu atamwambia mzee mwenye mvi, aliyelipa kila shilingi, kwamba mwanawe wa miaka ishirini na mbili ni mtu mzima na hayamhusu? Nikamwambia, "Mzee wangu, subiri kidogo, tumwite mwenyewe." Kijana akaja, akaisoma karatasi yake kwa mdomo wake mbele ya baba. Ilikuwa robo saa nzito. Hata hivyo sikufungua faili nyuma ya mgongo wake, na mzee hakurudi mikono mitupu.

Kuna jambo lililowasumbua hasa vijana wetu Waislamu. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, wengi walipata njia ya kusoma. Lakini kwa miaka kadhaa mkopo ulibeba tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha, mpaka ilipofutwa mwaka 2021. Walinijia wakiuliza: hii si riba? Nichukue au niache chuo? Kulikuwa na kishawishi cha kujifanya mufti. Nilichofanya ni kuwaandikia hesabu: umechukua kiasi hiki, kitakuwa kiasi hiki, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na aliyeacha masomo njiani naye anadaiwa. Kisha nikawaambia wachukue karatasi ile wampelekee mwanachuoni wanayemwamini. Baadhi walirudi na majibu yanayopingana. Walau waliuliza wakiwa na tarakimu mkononi.

Wazazi wanaopeleka watoto chuoni kila mwaka huuliza ada, mabweni na msikiti uko umbali gani. Waongeze mawili. Nani atakuwa mshauri wa masomo wa mwanangu, kwa jina? Na ana wanafunzi wangapi? Wakitajiwa mia tatu, waelewe kwamba kinachopatikana pale ni saini. Halafu wamwambie kijana aende kwa mshauri huyo wiki ya pili ya masomo, kabla hajashindwa chochote, wakati bado masomo ya hiari yanaweza kubadilishwa na fomu za kuhama programu hazijafungwa. Wengi huja kwangu mwezi wa matokeo. Wakati huo mimi na yeye tunakuwa tumebakiwa na mambo mawili matatu tu ya kuchagua.