Lugha Mbili na Deni Letu kwa Wazee

Mwaka 2013, Suvarna Alladi na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 648 wa demenshia katika jiji la Hyderabad, India. Wasemaji wa lugha mbili au zaidi walianza kuonyesha dalili takriban miaka minne na nusu baadaye kuliko wale wa lugha moja, na tofauti hiyo ilijitokeza hata kwa wasiojua kusoma wala kuandika. Hapo ndipo penye uzito, kwani kinga hiyo haikutoka darasani. Mkazi wa Hyderabad huweza kununua mboga kwa Kitelugu kisha akageuka kumjibu jirani kwa Kiurdu, na kila mara akili yake huchagua lugha moja na kuizuia nyingine. Inadhaniwa kuwa kazi hiyo ya kila siku huujengea ubongo akiba: ugonjwa huingia, seli hufa, ila mtu huendelea kumudu mambo yake kwa muda zaidi.

Wapo wanaopinga, na hoja zao hazipuuziki. Ellen Bialystok na wenzake walipopata matokeo kama hayo Toronto mwaka 2007, wengi wa wenye lugha mbili walikuwa wahamiaji, na huenda anayehama ana afya au ari zaidi tangu mwanzo. Hoja hiyo haina nguvu Hyderabad, ambako lugha nyingi ni za wenyeji. Nzito zaidi ni hii: baadhi ya tafiti zilizowafuatilia wazee kwa miaka kadhaa hazikuona nafuu yoyote. Basi tupunguze madai. Lugha si chanjo.

Lakini je, thamani ya lugha ingoje hukumu ya maabara? Nasema hapana. Tukimrithisha mtoto lugha ya bibi yake kwa ajili ya afya tu, tutaitupa siku utafiti mwingine utakapokanusha. Tena akiba hiyo, kama ipo, hutokana na kuzungumza, na hakuna mazungumzo bila wa kuitikia. Mzee wa Kinyakyusa anayeletwa Dar es Salaam kuishi na wanawe huamkiwa "shikamoo" na wajukuu kila asubuhi, asipate hata mmoja wa kumwambia "ugonile". Lugha yake inakosa kazi angali hai, na sehemu ya utu wake inanyamazishwa pamoja nayo. Kumpa msemaji mwenzake ni haki yake, na haki hiyo haisubiri wanasayansi wamalize kubishana.