Lisaa Limoja Tu

Njia ya kwenda Ziwa Ngosi ni fupi, na hapo ndipo inapowanasa watu. Mlima Rungwe una meta zaidi ya 2,900, kwa hiyo anayeuendea hujiandaa tangu jana yake: anatafuta mwongozaji, anafunga chakula, anaamka alfajiri. Ngosi watu huenda kama wanaokwenda gengeni. Ukitoka Makandana, hapa Tukuyu, unapanda gari la Mbeya, unashuka Isongole, bodaboda inakufikisha ukingoni mwa msitu, na kutoka hapo ni mwendo wa saa moja hivi mpaka juu ya kingo za kasoko, ziwa likiwa chini yako.

Kisa kinachofuata ni cha kutunga, lakini aliyekaa wilayani Rungwe miaka miwili mitatu atakitambua.

Vijana watatu kutoka Dar es Salaam walikuja Tukuyu harusini, mwezi wa Aprili, wakafikia Makandana kwa mjomba wa mmoja wao. Siku ya pili baada ya harusi, wameshakula ndizi na nyama na saa saba imeshapita, wakakumbuka Ngosi.

"Mjomba, saa hizi?" mwenyeji akauliza.

"Ni lisaa limoja tu, mjomba. Chakula cha usiku tunakula wote hapa."

"Na mvua?"

"Mbona jua linawaka?"

Mjomba akatazama upande wa Rungwe. Kilele hakikuonekana. "Jua la huku msilitegemee, wajomba zangu. Chukueni masweta." Wakachukua moja, kwa heshima tu. Mke wake hakubishana nao. Alichotaka ni kitu kimoja: wakishapata bodaboda Isongole, wamtumie namba ya dereva. Wakamtumia, huku wakicheka.

Ukingoni mwa msitu walimkuta mwongozaji ameketi chini ya kibanda. Akawaambia saa tisa na nusu si saa ya kuanza kupanda. Wakamjibu kuwa ramani wanayo kwenye simu. Hela waliyookoa hapo haikufika hata bei ya kioo cha simu yenyewe, lakini kijana aliye safarini huwa na hesabu zake.

Kupanda kulikwenda vizuri, na ubaya wake ndio huo. Walipita kwenye mianzi na migomba ya porini, wakapumzika, wakapiga picha, na saa kumi na dakika arobaini walikuwa juu. Ziwa halikuwapo. Ukungu ulikuwa umejaa ndani ya kasoko, mweupe, umelala. Wakasubiri ufunguke. Kila baada ya dakika kadhaa palitokea kipande cha maji ya kijani, wakainua simu, kikafichika. Wakakaa hivyo karibu saa nzima. Kama kuna dakika ambazo kisa hiki kinazilaumu, ni hizo za kukaa. Si za kupanda, wala si za kuanguka.

Maana mmoja alianguka kweli. Alitaka kuteremka kidogo upande wa ziwa ili apate picha bila miti mbele. Ukuta wa ndani wa Ngosi ni mkali, zaidi ya meta 200 mpaka majini, na wanaoteremka hushika mizizi. Alikuwa amevaa raba zilizoisha soli. Hakwenda mbali, mzizi ulimdaka, lakini kifundo cha mguu kiligeuka. Wenzake walipomvuta juu, matone ya kwanza yalikuwa yanagonga majani.

Mvua ya Tukuyu haina haja ya kutambulishwa. Ndiyo iliyowapa Wanyakyusa migomba na chai, na mimi sitaisema vibaya. Ila ikinyesha msituni, njia inageuka mfereji. Udongo wa huku, uliotokana na majivu ya volkano, ukilowa unateleza kama sabuni. Mwendo waliopanda kwa saa moja, sasa na mtu anayechechemea katikati, haukuwa wa saa moja tena. Na giza la Aprili huanza kuingia saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Chini ya miti huingia mapema zaidi, na likianza halichelewi kukolea.

Wakawasha simu zimulike. Hapo wakajua jambo ambalo hakuna anayelifikiria akiwa sebuleni: kioo cha simu kikilowa, na kidole kikilowa, simu haisikii. Unagusa ramani, inafunguka kamera. Unafuta kwa shati, shati limelowa kuliko kioo. Chaji nayo ilikuwa karibu kwisha kwa zile picha za ukungu. Walipofika panapogawanyika njia mbili, wakafuata iliyo pana, na iliyo pana ilikuwa ya wakata mianzi.

Yule aliyeumia alitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka. Wenzake wakafurahi, wakidhani amepata joto. Ni kinyume chake. Juu kule kuna baridi kuliko mjini kwa nyuzi nne au tano, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili upesi. Mtu akiacha kutetemeka huku bado amelowa, akaanza kuvuta maneno na kutaka kuketi "kidogo tu", mwili umeshindwa kujipasha moto. Mvue nguo za juu zilizolowa, mvalishe sweta kavu kama lipo, mkumbatieni, msimwache alale. Pombe kali usimpe hata tone. Inaleta joto la uongo kwenye ngozi na kulitoa lile la ndani. Wala msijibanze kwenye mashimo ili kukwepa upepo. Sehemu kadhaa za Rungwe ardhi hutoa hewa ya ukaa, hiyo hiyo inayovunwa Ikama karibu na mlima Kyejo kwa ajili ya viwanda vya soda, nayo ni nzito, hutuama mabondeni bila harufu.

Sweta lilikuwa moja. Walilifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu hawakutaka kulivaa, na ndiyo maana lilikuwa kavu.

Saa mbili kasoro, Makandana, chakula kikiwa mezani, mke wa mjomba alipiga zile simu tatu, hakuna iliyopatikana. Akampigia dereva wa bodaboda. Dereva akasema hawajashuka, akaenda kumwamsha yule mwongozaji, wakaongeza wanaume wawili wenye tochi, wakapanda wakipiga kelele. Walijibiwa na sauti mbili tu. Ya tatu ilikuwepo, ila ilikuwa haitamki vizuri.

Walifika Makandana usiku wa manane, wote wazima, mmoja na kifundo cha kufungwa bandeji. Mjomba hakusema neno. Mkewe akapasha ndizi.

Nawe ukienda Ngosi msimu wa mvua, Novemba mpaka Mei, uwe umeanza kupanda kabla ya saa nne asubuhi. Patana na mwongozaji papo hapo kabla ya kuingia msituni, weka sweta na tochi kwenye plastiki, na mkubaliane mapema saa ya kugeuka, ziwa limeonekana au halijaonekana. Na namba ya bodaboda mwachie anayekupikia.